Beli ya Kilo 24: Kisa cha Laini ya Unga Industrial Area

Niliitwa kwa ajili ya mashini. Kiwanda kiko Industrial Area, Nairobi, si mbali na Barabara ya Lunga Lunga, kinasaga mahindi na kufunga unga wa ugali. Malalamiko ya meneja yalikuwa mafupi: mashini ya kufunga inatoa pakiti 30 za kilo 2 kwa dakika, maana yake beli 150 kwa saa (beli ni mfuko mmoja mkubwa wa pakiti 12), lakini stoo inapokea 120, na siku nyingine hazifiki. "Hii mashini imezeeka," aliniambia. Mezani pake tayari kulikuwa na karatasi ya bei ya mashini mpya kutoka ng'ambo. Alichotaka ni mtu wa nje wa kumwambia mwenye kiwanda kwamba ndiyo, inunuliwe.

Nilimwomba siku mbili za kusimama tu. Akacheka: "Injinia, kwani tunakulipa kusimama?" Lakini alikubali.

Nikakaa pembeni ya mkanda, simu mkononi, nikihesabu muda. Kila mashini iliposimama niliandika imesimama kwa nini. Katika saa ya kwanza niliyopima ilisimama dakika 12 kwa jumla, na katika hizo 12 hakuna hata moja iliyokuwa ya hitilafu. Opareta alikuwa anaizima mwenyewe, kwa kidole. Meza ya mbele ilikuwa imejaa pakiti, na akina mama wanaozipanga kwenye mifuko mikubwa ya khaki hawakuwa na pa kuweka beli zilizokwisha kufungwa. Dakika 12 mara pakiti 30 ni pakiti 360. Gawa kwa 12 za kila beli, unapata beli 30. Zile zile zilizokuwa zinatafutwa.

Meneja nilipomwonyesha alijibu haraka: "Si nilikwambia? Hawa watu ni wavivu, hasa wakishakula." Jibu hilo lina ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Mchana walikuwa wanapunguza kasi kweli. Saa mbili asubuhi vijana wa paleti walikuwa wanataniana na kutupiana maneno. Ikifika saa nane wamenyamaza, na kati ya beli moja na nyingine mmoja anaweka mikono kiunoni, anajinyoosha kwa nyuma, macho kwenye mabati. Mvivu hajinyooshi hivyo.

Tazama safari ya beli moja. Mama anapanga pakiti 12 ndani ya mfuko, anakunja mdomo, anabandika tepu, anaikumbatia, anaishusha sakafuni kando ya mguu wake. Inakaa hapo. Kijana anakuja, anainama, anaiokota, anaipeleka kwenye paleti, anaipanga. Basi. Beli ilikuwa mezani, kimo cha kiuno. Ikashushwa hadi chini kabisa ili mtu mwingine aipandishe tena. Nilimuuliza msimamizi kwa nini inashushwa. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inanyesha. "Si ndiyo inawekwa hapo?"

Vijana walikuwa wawili. Beli 120 kwa saa ni 60 kwa kila mmoja. Shifti ya saa 8 ni 480. Mara kilo 24, jumla ni kilo 11,520. Zaidi ya tani 11 kwa mgongo mmoja kwa siku, na kila moja inaanzia chini. Hapo sijahesabu kwamba mtu anayeinama na kuinuka anajinyanyua na yeye mwenyewe, kifua, kichwa na mikono, mara 480.

Sina imani ya kupindukia na kanuni za kuzidisha namba, lakini ipo moja inayosaidia mahali kama hapa, hasa ukiwa mbele ya meneja anayependa hesabu. Ni ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991. Inakadiria uzito ambao mtu anaweza kuunyanyua bila kuuhatarisha mgongo, na inaanza na kilo 23. Hizo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kimo cha kiuno, mtu hajajipinda, una pa kushika vizuri, na haunyanyuliwi mara nyingi. Beli yetu ina 24, kwa hiyo imevuka kabla hatujaanza. Sasa weka hali halisi: mikono sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu, mzigo sentimita 15 kutoka sakafuni, miguu imeelekea paleti huku mwili umejipinda nyuzi 90 kuifikia beli iliyo kando. Ukizidisha, ile 23 inashuka hadi kilo 6.7, na bado hujagusa kasi ya kunyanyua wala ulaini wa mfuko usio na mshikio.

Meneja aliikodolea macho ile 6.7 kwa muda. Kisha akauliza kama pakiti za kilo 2 haziwezi kufungwa tatu tatu. Haziwezi, mwenye duka anataka beli yake ya 12.

Jambo lenyewe si geni. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kazi kwenye ujenzi wa matofali, aliliona zaidi ya miaka 100 iliyopita: fundi anainama kuokota tofali dogo na kuinuka na mwili mzima. Akayapandisha matofali juu, yakawa karibu na mkono, akapanga upya namna ya kuyaweka, na miondoko ya tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi takriban 5. Elimu ya kuipatanisha kazi na mwili wa anayeifanya inaitwa ergonomia, na ukilitamka neno hilo kwenye kiwanda watu wanafikiria viti vya ofisini vinavyozunguka.

Pale kwenye laini wafanyakazi walikuwa na ergonomia yao tayari, ila hakuna aliyeisoma. Mama mmoja mfupi alisimama juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa. Mwingine alikuwa amekunja boksi mara nne na kulikanyaga siku nzima, maana saruji ya pale ni baridi na inauma visigino. Vijana wote wawili walikuwa wamefunga leso kiunoni, kwa kukaza. Kila kitu ambacho mtu amejitengenezea kazini ni malalamiko ambayo hayakuandikwa. Mimi sasa nikiingia kiwanda chochote natafuta kwanza makreti, maboksi na vitambaa.

Kreti ya yule mama ilinifikisha kwenye meza. Ilikuwa na sentimita 90, na fundi aliyeichomelea zamani aliipima kwa kiwiko chake mwenyewe, naye ni mrefu. Lakini kosa lilikuwa ndani zaidi ya hapo. Pakiti ya kilo 2 ikisimama ni karibu sentimita 25, na mdomo wa mfuko wa khaki uko juu yake bado. Kwa hiyo mikono haikuwa ikifanya kazi kwenye 90, ilikuwa kwenye 115 na zaidi, juu ya kiwiko cha karibu kila mwanamke pale. Ndiyo maana ilipofika mchana mabega yao yote yalikuwa yamepanda masikioni. Unapopima meza, pima mkono ulipo.

Jaribio la kwanza la kuitoa beli sakafuni lilikuwa langu, na lilikufa siku hiyo hiyo. Niliwaambia vijana waweke paleti tatu tupu, moja juu ya nyingine, kisha ile ya kupakia iwe ya nne. Hapo beli ya kwanza haiwekwi chini sana. Walifurahi mpaka saa nne, paleti ilipojaa. Mtu wa stoo akaja na jeki yake ya mkono, akaiingiza kwenye paleti ya chini kabisa kwa sababu ndiko inakoingia, akaondoka na zote nne. Mnara ule ukifika kwenye kizingiti cha mlango uliyumba, beli tatu zikaanguka na moja ikapasuka. Ikifika adhuhuri paleti tupu zilikuwa zimekwisha, zote ziko stoo chini ya mizigo.

Sikuwa nimemuuliza mtu wa stoo. Nilikuwa nimeongea na meneja, msimamizi, fundi na vijana, lakini yeye, anayeipokea kazi yote, nilimpita kila siku nikimsalimia tu. Jioni akanifuata na unga kwenye kope. "Injinia, hukusema unataka paleti iwe juu. Kuna ile jeki ya mkasi nyuma ya jenereta. Iliisha mafuta, wakaitupa."

Jeki ya mkasi ni kama jeki ya kawaida ya paleti, ila miguu yake inafunguka na kuinua mzigo hadi sentimita 80 hivi. Hii ilikuwa inavuja kwenye sili tu. Fundi aliibadilisha, akaijaza mafuta, akapaka rangi ya manjano bila kuulizwa. Ilihitaji jambo moja zaidi: haiingii kwenye paleti yenye mbao za kupita chini, kwa hiyo paleti za laini ile ziling'olewa mbao za chini na kuimarishwa pembeni. Kisha meza ikakatwa miguu na kuchomelewa mingine ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, yenye matundu na pini, ili kila upande ushuke au upande kulingana na anayesimama pale. Kati ya meza na paleti tukaweka mtelezo mfupi wa rola.

Sasa beli ikifungwa inasukumwa. Kijana anaivuta juu ya rola, anaiweka kwenye paleti iliyo kimo cha kiuno. Safu ikijaa anabonyeza mkono wa jeki, paleti inashuka kidogo, anaendelea. Sakafu ikabaki tupu, na ilikuwa ajabu kuiona. Kumbe ina mistari ya rangi iliyochorwa miaka hiyo.

Hapo ningeandika ripoti nikaenda nyumbani. Lakini beli zilikuwa bado zinaanguka.

Nilikuwa nimeliandika hilo kama kosa la vijana: hawapangi vizuri, safu ya juu inateleza, wanarudia. Nikaja kugundua kwamba baadhi ya paleti hazikuanguka kabisa, na zote zilikuwa na beli za mama mmoja, kibarua wa miaka mingi anayekuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda ulio jirani. Nikamtazama mikono. Akishapanga pakiti zake, sita chini na sita juu, haikunji mfuko papo hapo. Analaza mkono, kutoka kiwiko hadi kiganja, juu ya pakiti, anaegemea kwa uzito wake mpaka mfuko unatoa pumzi, unaisikia kabisa. Ndipo anakunja mdomo mara mbili, anapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, anabandika. Beli yake inakaa bapa kama godoro. Za wenzake zilikuwa zimevimba kama mto, na mto juu ya mto hauwezi kukaa.

Nikamuuliza nani alimfundisha. "Hakuna. Mwanangu, unga una hewa. Usipoitoa wewe itatoka yenyewe usiku, na asubuhi beli imelegea."

Alikuwa na ujuzi ambao kiwanda hakikujua kinao. Mafunzo ya pale yalikuwa ni sentensi moja anayoambiwa kibarua mpya: simama hapa uangalie mwenzako. Akiangukia mwenzake huyu mama, anajifunza vizuri. Akiangukia mwingine, anajifunza kuvimbisha beli. Na hata anayemwangalia huyu mama anaweza asione ule mkono, maana ni sekunde mbili.

Nilipomwomba awafundishe wengine alinyamaza, akaendelea kufunga. Baadaye, wakati wa chai, alinijibu mbali na msimamizi: "Nikimaliza kuwafundisha, kesho nani ataitwa getini?" Sikuwa na jibu. Kila asubuhi vibarua wanasimama nje ya geti na msimamizi anaonyesha kwa kidole: wewe, wewe na wewe. Mtu anayeishi kwa kidole cha mwingine atauficha ujuzi wake, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofika mwezi mmoja ageuzwe kuwa mwajiriwa wa mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Huyu alikuwa amehesabu miaka. Nililipeleka kwa meneja kama jambo la uzalishaji, si la huruma, kwa sababu nilijua lipi lingesikika. Zilipita wiki mbili za mvutano, kisha yeye na wenzake wawili wakapewa mkataba wa maandishi. Wengine bado wako getini.

Kwa namna ya kufundisha sikubuni chochote. Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wazoefu walipoingia jeshini na viwanda vikajaa watu wasiowahi kushika mashini, serikali iliendesha kati ya 1940 na 1945 mpango wa Training Within Industry, yaani mafunzo ndani ya viwanda, ambao baadaye Japani iliuchukua na kuushikilia. Una hatua nne za kufundisha kazi: mtayarishe mtu, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Nguvu yake iko katikati. Unapoonyesha unataja hatua, kisha kiini cha hatua, kisha sababu ya kiini. "Kandamiza kwa mkono mzima" ni kiini. "Hewa ikibaki beli itateleza" ni sababu. Na mwanafunzi anapojaribu anayasema yale yale kwa mdomo wake huku mikono ikifanya. Binti mmoja alikandamiza vizuri mara tatu, lakini alipoulizwa kwa nini alijibu, "Ndiyo mnavyotaka." Mama hakumpitisha. Alimfungulia beli moja iliyovimba ya jana na kumwambia aipande. Binti aliipanda, ikamteleza, akacheka, akaelewa.

Niliandika hatua zote za kufunga beli kwenye nusu karatasi, kwa Kiswahili, kwa maneno yao. Mwongozo rasmi wa kiwanda upo kwa Kiingereza, kurasa nyingi, kwenye faili ofisini.

Opareta wa mashini, tuliyemwita Mzee, alikuwa kisa kingine. Unga ukitoka kinuni una joto na umejaa hewa, ukikaa unatulia, kwa hiyo parafujo inayopima kwa mzunguko hutoa uzito tofauti asubuhi na mchana. Mzee alikuwa akipima pakiti moja, akiona pungufu anazungusha kitasa. Anapima nyingine, imezidi, anarudisha. Kwa kuogopa wakaguzi wa mizani alikuwa anapenda kuiacha izidi. Gramu 20 tu. Lakini gramu 20 kwa pakiti 12 ni gramu 240 kwa beli, na katika beli 100 ni kilo 24: beli nzima imetolewa bure bila mtu kuiona ikitoka mlangoni. Tulichobadilisha ni kidogo: kila nusu saa apime pakiti tano, achukue wastani, aandike nukta kwenye chati, na asiguse kitasa mpaka wastani umetoka nje ya mistari miwili ya mipaka, wa juu na wa chini. Siku za kwanza mikono ilimwasha. Aliniambia kukaa bila kugusa ni kazi ngumu kuliko kugusa.

Vumbi na kelele sikuvigusa zaidi ya kuandika kwamba vipo. Kamati ya usalama ipo pia, kwa sababu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaitaka pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Majina yake yako ukutani na inazungumzia vizima moto. Kitabu cha ajali hakikuwa na hata mgongo mmoja, maana mgongo haupasuki kama kidole kwenye mkanda. Unauma mpaka siku mtu haji, na asipokuja anaandikwa mtoro. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri alinganishe kituo cha kazi na vifaa na mwili wa mfanyakazi. Nadhani wengi hawajafika ukurasa huo. Kadhalika ile ada ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi inayokwenda NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: kiwanda kilikuwa kinailipa kama kodi ya kusahau, bila kuomba hata mara moja kurudishiwa gharama ya mafunzo.

Wiki ya sita nilirudi na simu yangu. Katika saa niliyopima mashini ilisimama dakika 4, mbili kati ya hizo za kubadilisha roli ya karatasi. Hiyo ni kama beli 140 kwa saa, kwa mashini ile ile iliyozeeka. Karatasi ya bei ya mashini mpya haikuwa tena mezani.

Lakini hesabu hiyo ina upande mwingine, na vijana waliuona kabla yangu. Tageti ilipandishwa wiki ile ile. Beli 140 kwa watu wawili ni 560 kwa kila mmoja kwa shifti, kilo 13,440. Kila beli sasa ni nyepesi kwa mgongo, ila ni nyingi zaidi. Nilipendekeza kila saa moja wabadilishane, wa paleti waje mezani na wa mezani waende kwenye rola, ambako sasa ni kusukuma tu. Vijana walikataa kwa kicheko kwamba kufunga mifuko ni kazi ya akina mama. Yule mama aliwajibu kwamba hata kufunga leso ilikuwa ya akina mama. Wiki hiyo mmoja alikubali kujaribu baada ya chakula cha mchana, wakati wenzake wa shifti nyingine hawajafika wakamwona.

Nikiondoka nilipita sehemu ya kupakia lori. Kule hakuna rola wala jeki. Ubao umeegemezwa nyuma ya lori, na mpakiaji anapanda nao akiwa na beli mbili mgongoni, kilo 48, ameshika kingo kwa vidole nyuma ya shingo. Nilimuuliza meneja. Akaniambia wale si wake, ni wa mwenye lori.